Kutoka Kulishwa hadi Kujilisha: Nafasi ya Kiswahili katika Utengamao Unaomlenga Mtu baada ya Jeraha la Ubongo

Ikisiri

Utengamao unaomlenga mtu ni mtazamo wa tiba unaoanza na maisha ambayo mhusika anataka kuyarudia au kuyajenga upya, badala ya kuanza na orodha ya uwezo alioupoteza. Makala haya yanaeleza asili ya mtazamo huo na kuchunguza nafasi ya lugha ndani yake, kwa kuwazingatia watu walioumia ubongo katika mazingira ya wingilugha ya Afrika Mashariki, hususan Uganda. Hoja kuu ni kwamba istilahi zinazoteuliwa, maumbo ya vitenzi yanayotumika katika kumbukumbu za wodi, na lugha inayotumika kumpima mtu huathiri moja kwa moja huduma anayoipata. Mifano ya mazungumzo na ya kumbukumbu za wodi iliyomo ni ya kubuni. Imetungwa ili kufafanua hoja.

1.0 Utangulizi

Ajali za barabarani, kuanguka, vipigo na kiharusi ndivyo visababishi vikuu vya majeraha ya ubongo kwa watu wazima. Katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani, Shirika la Afya Duniani liliitaja Kanda ya Afrika kuwa yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo vya barabarani duniani: vifo 26.6 kwa kila watu 100,000. Kiwango hicho huwahesabu waliofariki. Waliobaki hai wakiwa na majeraha hawamo, na ndio wanaohusika na makala haya.

Mtu aliyeumia kichwa akiwa kwenye bodaboda huweza kuokolewa kwa upasuaji wa haraka na uangalizi mzuri. Miezi sita baadaye mfupa umeunga, kovu limefunikwa na nywele, na majirani wanasema amepona. Nyumbani lakini kuna mambo mengine. Anasahau alichoagizwa kabla hajafika dukani. Anachoka kabla ya saa nne asubuhi. Anakasirika kwa jambo ambalo zamani angelicheka. Anaanza kazi tatu na haimalizi hata moja. Kwa kuwa hakuna kinachoonekana kwa macho, watu hutafuta maelezo mahali pengine: amelogwa, amekuwa mkaidi, anajidekeza, au amerudia pombe. Maelezo hayo hutangulia huduma, na mara nyingi huziba njia yake.

Makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2020 yalionyesha kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao bilioni 2.41 duniani walikuwa na hali ambazo zingenufaika na huduma za utengamao. Idadi hiyo inajumuisha maradhi mengi mbali na ya ubongo, lakini inatosha kuonyesha kwamba jambo hili si la wachache. Watafiti wa Kiswahili wamelishughulikia kwa nadra. Wamezoea kuiona afya kama uwanja wa kutafsiria mabango na vipeperushi. Katika jeraha la ubongo hali ni tofauti, kwa sababu lugha ni mojawapo ya vitu vinavyoumia, ni chombo cha kupimia kilichoumia, na ni njia ya kurudia maisha. Mtafiti wa lugha ana kazi katika hatua zote tatu.

2.0 Asili ya mtazamo

Mtazamo unaomlenga mtu hauna mzazi mmoja. Katika saikolojia, asili yake hutajwa kuwa Carl Rogers wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1951 kilimtambua mteja kuwa ndiye mwenye dira ya tiba yake. Kwa upande wa ubongo, hata hivyo, mfano wenye uzito zaidi unatoka Muungano wa Kisovieti. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanasaikolojia Alexander Luria aliongoza hospitali ya utengamao katika eneo la milima ya Ural, iliyowapokea askari waliojeruhiwa ubongo. Miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye Lev Zasetsky, mwanafunzi wa uhandisi kabla ya vita, aliyepigwa risasi kichwani mwezi Machi 1943 katika mapigano ya eneo la Smolensk.

Risasi iliharibu sehemu ya nyuma ya upande wa kushoto wa ubongo. Zasetsky hakuweza tena kuona upande wa kulia wa kitu chochote. Alipotea katika mitaa ya kwao. Alisahau herufi, na alipojifunza upya kusoma alisoma herufi moja moja, akisahau ya kwanza kabla hajaifikia ya mwisho. Alipojaribu kuandika kwa kutafuta herufi, alishindwa vilevile. Siku moja aliombwa aandike neno zima bila kusita na bila kuinua mkono. Mkono ukaandika. Mazoea ya uandishi yalikuwa yamehifadhiwa katika mwendo wa mkono, mahali ambapo jeraha halikufika. Kutokana na ugunduzi huo mdogo, Zasetsky aliandika kumbukumbu za maisha yake kwa takriban miaka 25, kurasa zipatazo 3,000, ingawa kusoma alichokiandika kulimtesa. Luria alizichapisha sehemu zake mwaka 1971 pamoja na maelezo yake mwenyewe, na maneno ya Zasetsky yamechukua nafasi kubwa ya kitabu hicho.

Jeraha la Zasetsky halikupona, na uwezo mwingi aliokuwa ameupoteza haukurudi. Hata hivyo alikuwa na kazi ya kuamkia kila asubuhi, nayo aliichagua mwenyewe. Mtaalamu alimsaidia kutambua uwezo uliosalia, kisha akaupa uwezo huo mahali pa kutumika. Mambo hayo mawili yamebaki kuwa kiini cha mtazamo wote, ijapokuwa vitabu vingi vya baadaye huyaeleza kwa maneno mengi zaidi.

Baada ya vita vya mwaka 1973, Yehuda Ben-Yishay na Leonard Diller walianzisha programu ya kutwa kwa askari wa Israeli walioumia ubongo, na kazi hiyo ikaendelezwa mjini New York. Mwaka 1980 George Prigatano alianzisha programu ya namna hiyo Oklahoma City. Anne-Lise Christensen, aliyeieneza kazi ya Luria Ulaya Magharibi, alifungua kituo cha Copenhagen mwaka 1985, na Barbara Wilson akaanzisha Kituo cha Oliver Zangwill mjini Ely, Uingereza, mwaka 1996. Vituo hivyo vilitofautiana kwa mengi, lakini vyote vilikataa kuitenga kumbukumbu na hisia, au hisia na kazi, na vyote viliihusisha familia.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha Uainishaji wa Kimataifa wa Utendaji, Ulemavu na Afya. Uainishaji huo unatazama mwili, shughuli za mtu, na ushiriki wake katika jamii, pamoja na mazingira yanayomzunguka na sifa zake binafsi. Kwa mujibu wake, mtu anaweza kuwa na upungufu uleule wa kumbukumbu na bado awe na ushiriki tofauti kabisa, kutegemea kama mwajiri wake anamruhusu kuandika maagizo. Hati hiyo ilitolewa katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Kiswahili hakimo katika sita hizo, na hapo ndipo suala la istilahi linapoanza.

3.0 Ukarabati, urekebishaji au utengamao?

Maneno matatu yanashindania dhana moja. Ukarabati hutumika kwa nyumba, barabara na magari. Kitu kinachokarabatiwa hurudishwa kilivyokuwa, na mwenye ujuzi ni fundi, nyumba haiulizwi. Urekebishaji hudokeza kwamba kuna kosa la kusahihishwa, na katika matumizi ya leo neno hilo limezoeleka kwa magereza na kwa vituo vya waraibu wa dawa za kulevya. Anayemwambia mama aliyepata kiharusi kwamba anapelekwa “kurekebishwa” asishangae akiona uso umebadilika.

Neno la tatu, utengamao, ambalo wengine huliandika utengemao, limeenea katika huduma za afya nchini Tanzania. Shina lake limo katika ukoo wa tengenea, tengeneza na tengemaa. Tengeneza ina mtendaji na kitu kinachotendwa. Tengemaa haina mtendaji wa nje: biashara hutengemaa, hali ya nchi hutengemaa, mgonjwa hutengemaa. Kitenzi hicho kinaeleza hali inayofikiwa na mwenye nayo, hata kama wengine wamesaidia, na hakidai kwamba mambo yamerudi kama zamani. Kwa dhana inayojadiliwa hapa, kati ya maneno matatu hilo ndilo lifaalo zaidi.

Pingamizi lipo. Nchini Uganda, ambako wengi hujifunza Kiswahili kazini, sokoni au jeshini, utengamao ni neno geni. Istilahi isiyojulikana na anayehudumiwa haiwezi kuitwa inayomlenga mtu, hata ikiwa na asili nzuri kiasi gani. Njia inayofaa ni kuitumia katika sera na mafunzo, na kuifafanua kwa maneno ya kawaida mbele ya mgonjwa: “Tutakusaidia urudie shughuli zako, na zile zisizowezekana tutafute njia nyingine.”

Kuhusu majina ya watu, Kiswahili tayari kina historia yake. Kilema, kipofu, kiziwi na kiwete yaliwaweka watu katika umbo la ngeli ya KI-VI. Kilema likapishwa na mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu. Mtu aliyeumia ubongo hajafikiwa vya kutosha na mabadiliko hayo. Anaitwa zezeta au punguani, maneno yanayomtangaza kuwa hana akili kabisa, ilhali huenda tatizo lake ni kumbukumbu ya mambo ya karibuni tu. “Mtu mwenye jeraha la ubongo” ni refu, ni kweli, lakini halisemi uongo.

4.0 Mnyambuliko wa kitenzi na nafasi ya mtu

Katika kumbukumbu za wodi, Kiswahili hufichua jambo ambalo lugha nyingi haziwezi kulionyesha kwa uwazi kama huo. Tuchukue sentensi ya kubuni: “Mgonjwa ameogeshwa, amevishwa, amelishwa, amegeuzwa.” Kila kitenzi hapo kimebeba kiambishi cha kutendwa, na vitatu vya mwanzo pia vina usababishi ndani yake. Kuna mtu asiyetajwa aliyesababisha, na kuna mwili uliopokea. Katika siku za kwanza, mtu akiwa hana fahamu, sentensi hiyo ni sahihi na ya lazima. Kutomgeuza ni kumpa vidonda vya mgongo.

Tatizo ni sentensi hiyo kuandikwa vilevile katika wiki ya nane. Huenda wakati huo anaweza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, lakini kumlisha kunachukua dakika kumi na kumwacha ajilishe kunachukua arobaini. Wodi ina wauguzi wachache, au jamaa anaona aibu mgonjwa wake akijimwagia uji mbele za watu. Hivyo analishwa. Uwezo uliokuwa unarudi haupati mahali pa kufanyia mazoezi, na baada ya muda mhusika mwenyewe huacha kuunyoosha mkono.

Kiswahili kinatoa ngazi iliyo tayari. Kulishwa, kusaidiwa kula, kujilisha, kula, kupika, kula pamoja na wengine: kila hatua ina umbo lake, na umbo hilo hueleza nani anatenda. Vivyo hivyo kuogeshwa, kusaidiwa kuoga, kuoga. Kutembezwa, kutembea kwa kushikiliwa, kutembea, kwenda. Kitenzi cha mwisho kina umuhimu wake. Kutembea ni mwendo wa miguu, na huweza kupimwa kwa mita katika korido ya hospitali. Kwenda kuna mahali: sokoni, msikitini, kanisani, kwa dada. Programu inayoishia kwenye kutembea imehudumia miguu. Ikifika kwenye kwenda, inabidi ijue dada anakaa wapi na kama kuna mtaro usiofunikwa njiani.

Pendekezo linalotokana na uchunguzi huu ni jepesi kutekelezwa. Wauguzi na jamaa wafundishwe kuandika kitenzi kinacholingana na kilichotokea siku hiyo, na kila wiki faili lipitiwe kwa swali moja: ni vitenzi vingapi vimetoka katika umbo la kutendwa? Hicho si kipimo cha kitabibu wala hakichukui nafasi ya vipimo rasmi. Ni dalili ya mapema kwamba huduma imemzoea mtu kuwa mzigo wa kubebwa. Pia hakihitaji vifaa vya kununua.

5.0 Kupima kwa lugha ipi, na kwa maneno gani

Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974, hutumika katika hospitali nyingi duniani. Kina alama 3 hadi 15: macho 4, usemi 5 na mwendo wa viungo 6. Alama 8 kushuka chini huashiria jeraha kubwa. Katika sehemu ya usemi, anayejibu kwa usahihi hupata 5, aliyechanganyikiwa 4, anayetamka maneno yasiyohusiana na swali 3, na anayetoa sauti zisizo maneno 2. Sasa chukulia abiria wa basi la masafa marefu aliyeumia mbali na kwao na anayesema lugha ambayo hakuna aijuaye katika chumba cha dharura. Anachosema kinaweza kuandikwa kuwa sauti zisizo maneno, na alama tatu zikapotea bila ubongo kuhusika. Alama tatu zinaweza kumtoa mtu katika daraja moja la jeraha na kumwingiza katika jingine. Kumtafuta mtu mmoja anayeijua lugha yake, hata kwa simu, ni sehemu ya upimaji.

Upimaji wa afasia, yaani kupotea kwa uwezo wa lugha kutokana na jeraha la ubongo, una ugumu zaidi. Tangu Paul Broca aeleze kisa chake maarufu mjini Paris mwaka 1861, na Carl Wernicke aongeze chake mwaka 1874, maelezo ya afasia yamejengwa hasa juu ya lugha za Ulaya. Jaribio la Boston la kutaja majina ya picha, lenye picha 60, linamwonyesha mtu mnyama wa mito ya baridi aitwaye biva, nyumba ya barafu na mboga ya asparagasi. Mkulima wa Mbale akishindwa kuzitaja, ameshindwa nini?

Kubadilisha picha ni rahisi. Sarufi ndiyo inayohitaji utafiti. Vitabu vya zamani vilieleza aina moja ya afasia kuwa ni usemi wa simu ya maandishi: mtu huacha maneno madogo madogo na kubaki na yale makubwa. Maelezo hayo yanaifaa lugha yenye maneno madogo yaliyosimama peke yake. Mwaka 1990 Lise Menn na Loraine Obler walihariri mkusanyo uliolinganisha lugha 14, na ikabainika kwamba pale ambapo neno haliwezi kusimama bila kiambishi, wagonjwa aghalabu hukibadilisha kiambishi badala ya kukiacha. Kiswahili kina hali yake ya pekee. Sikumwona ni neno moja linalobeba ukanushi, mtenda, wakati na mtendwa. Viambishi vyote vikidondoka, kinachobaki ni ona, nacho ni neno halali: ni amri. Mtu anayekusudia kusema “nataka kuondoka” akibaki na “ondoka”, mkewe aliyeketi kitandani atasikia anafukuzwa. Mtafiti atakayekusanya data ya afasia kwa Kiswahili lazima aamue mapema jinsi ya kutofautisha amri na neno lililopoteza viambishi, na familia lazima iambiwe kwamba huenda haikutukanwa.

Kisa cha Zasetsky kinatoa somo jingine. Alijua maana ya “kaka” na ya “baba”, lakini hakuweza kutofautisha “kaka wa baba” na “baba wa kaka”. Uhusiano uliobebwa na mpangilio wa maneno ulikuwa umevunjika. Jaribio hilo likitafsiriwa moja kwa moja kwa Kiswahili linapoteza makali kwa njia isiyotarajiwa: wengi hawasemi kaka wa baba, wanasema baba mdogo, baba mkubwa au ami, majina yaliyokaa katika kumbukumbu kama kifurushi kimoja. Anayejibu sawa kwa “baba mdogo” hajaonyesha kwamba uhusiano wa kisarufi umesalimika. Anayeshindwa kwa “kaka wa baba” huenda ameshangazwa tu na usemi asiouzoea. Jaribio linalofaa litafute mahusiano ambayo Kiswahili hakina jina lake la pekee, kama “mteja wa jirani” na “jirani wa mteja”.

Kuhusu lugha itakayorudi kwanza, mjadala ni wa karne ya 19. Théodule Ribot alidai ni lugha iliyojifunzwa kwanza. Albert Pitres, mwaka 1895, alidai ni ile iliyotumika zaidi kabla ya jeraha. Michel Paradis, aliyetoa jaribio la afasia kwa wasemaji wa lugha mbili mwaka 1987, alionyesha kwamba hakuna kanuni moja: lugha zinaweza kurudi pamoja, kwa kupokezana, moja tu, au moja ikirudi nyingine ikafifia. Kwa sababu hiyo swali “lugha yako ni ipi?” halitoshi. Mfanyabiashara wa Owino mjini Kampala anaweza kuwa na Lusoga kwa mama yake, Luganda kwa wenzake wa kibandani, Kiswahili kwa wateja kutoka Kenya na Kongo, na Kiingereza kwa karatasi za benki. Kwa askari polisi, Kiswahili huweza kuwa lugha ya kazi kwa miaka ishirini bila kuwahi kutumika jikoni. Maswali yanayofaa ni ya namna hii: “Mama, kabla hujaumia, asubuhi ulizungumza na nani, na kwa lugha gani? Na sokoni? Ukiomba dua, unaomba kwa lugha gani?”

6.0 Malengo ya mtu, na sauti za jamaa

Mwaka 1968 Thomas Kiresuk na Robert Sherman walitoa kipimo cha ufikiaji wa malengo, ambacho kimekuwa chombo cha kawaida cha utengamao. Lengo la mtu huandikwa katika ngazi tano, kuanzia toa 2 hadi jumlisha 2, sifuri ikiwa matokeo yanayotarajiwa. Uzuri wake ni kwamba lengo halitoki katika orodha iliyochapwa. Kwa mfanyabiashara yule, lengo lililoandikwa na mtaalamu peke yake huenda likawa “kuboresha uwezo wa hesabu”. Akiulizwa mwenyewe, huenda akasema: “Nirudi kibandani siku mbili kwa wiki, nikiwa na mdogo wangu, na chenji isinishinde.” Sifuri ni siku hizo mbili. Jumlisha 1 ni siku tatu. Toa 1 ni siku moja, akiuza bila kushika fedha. Kila mtu anaweza kuona kama limefikiwa, akiwamo mdogo wake.

Ugumu unakuja pale mtu asipoona upungufu wake. Mwaka 1914 Joseph Babinski aliwaeleza wagonjwa waliopooza upande mmoja ambao hawakujua kwamba wamepooza. Baada ya jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo, hali kama hiyo huweza kuhusu kumbukumbu na maamuzi. Mwendesha bodaboda anasema kwa utulivu kwamba yuko sawa na kesho anarudi barabarani. Huo si ukaidi, na kumbishia humfanya aiache huduma. Kumkubalia ni kumweka yeye na abiria wake hatarini, hasa ikiwa amewahi kupata degedege tangu alipoumia. Wataalamu waliobobea humwomba atabiri kwanza: atakumbuka vituo vingapi kati ya kumi, atachukua muda gani. Kisha wanajaribu pamoja mahali salama na kulinganisha. Kumheshimu mtu hakumaanishi kutekeleza kila asemalo siku aliyolisema, na fasihi ya utengamao hulipita suala hili kwa haraka kuliko linavyostahili.

Jambo la pili ni jamaa. Rogers aliandika akimfikiria mtu mmoja aliyeketi mbele ya mshauri wake. Waswahili husema mtu ni watu, na wachambuzi wengi huishia hapo, kana kwamba methali imemaliza kazi. Haijamaliza. Jamaa ndio wanaolipa nauli, wanaolala chini ya kitanda cha wodi, wanaokumbusha dawa. Jamaa haohao ndio wanaojibu kabla mgonjwa hajapata neno. Mtu mwenye afasia huhitaji sekunde nyingi kulitafuta neno, na katika familia yenye upendo sekunde hizo hazipatikani. Baada ya mwaka mmoja anaweza kuwa amezoea kunyamaza. Kuna pia maslahi: shamba, kibanda, fidia ya ajali. Mwenye kusema kwa niaba yake huweza kuwa mwenye kufaidika na ukimya wake. Ndiyo maana angalau sehemu ya mazungumzo ya malengo ifanyike na mhusika peke yake, kwa lugha anayoimudu zaidi wakati huo, hata kama ni ya ishara na picha.

7.0 Yanayodai uamuzi

Kifungu cha 26 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu kinataka huduma za utengamao zianze mapema iwezekanavyo, zijengwe juu ya mahitaji na uwezo wa kila mtu, na ziwe karibu na jamii anamoishi. Uganda na Kenya ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Mwezi Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao katika mifumo ya afya. Kwa upande wa lugha, Uganda ilikitambua Kiswahili kikatiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 baraza lake la mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi. Kwenye karatasi, hati za afya na za lugha zipo. Ofisi zinazozisimamia ndizo hazikutani.

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Wahitimu wake husoma nadharia kwa Kiingereza na kukutana na wagonjwa kwa lugha nyingine nyingi. Idara za Kiswahili za eneo hili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada kila mwaka, na maelezo ya kina ya usemi wa watu wenye afasia katika Kiswahili cha Kampala, cha Bukavu au cha Mombasa ni kazi inayongoja mikono. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina nafasi ya kuitisha meza moja ya watabibu, wanaisimu na watu waliopitia majeraha hayo ili kuoanisha istilahi. Kundi la tatu ndilo lisilozoeleka katika vikao vya istilahi, na ndilo linaloweza kueleza “urekebishaji” husikika vipi ukiwa kitandani.

Wakati kazi hiyo ikisubiri bajeti, wizara za afya zinaweza kuongeza mistari miwili katika fomu ya kupokelea mgonjwa aliyeumia kichwa: lugha alizozitumia kabla ya jeraha, pamoja na mtu na mahali alipotumia kila moja, na shughuli tatu alizozifanya katika wiki ya mwisho kabla ya kuumia, kwa maneno yake au ya aliyeishi naye. Mistari hiyo ijazwe siku ya kwanza, wakati aliyemleta bado yupo mlangoni.